Nani Hulipia Uchafu? Hesabu za Kampuni na Mazingira, Kutoka Kilembe hadi Karambi

Ukiwauliza watu wa Karambi kwa nini kampuni iliyoundwa ili itafute faida huamua kupanda miti, kuchuja moshi wake au kusafisha majitaka yake kabla ya kuyaachia mtoni, utapata majibu ya aina mbili. Wapo watakaokuambia kwamba kampuni ile ina viongozi wenye utu. Wapo watakaocheka na kusema kwamba hayo ni maigizo ya kupigiwa picha, na kwamba wageni wakishaondoka, miche hubaki kuliwa na mbuzi. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote mawili hukosea mahali pamoja: huichunguza kampuni kana kwamba ina moyo. Kampuni ina vitabu vya hesabu. Ukitaka kujua itafanya nini kesho, visome vitabu hivyo, kisha uulize ni gharama gani ambayo haikuandikwa humo.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mkakati wa mazingira huinufaisha kampuni pale ambapo gharama ya uharibifu imerudishwa mlangoni pake. Gharama hiyo hairudi yenyewe. Hurudishwa na bei ya mafuta, na mnunuzi wa ng'ambo, na benki inayokopesha, na sheria, na mara nyingine na mto wenyewe. Palipo na raia wanaozijua haki zao, hurudishwa mapema. Pasipo na raia wa namna hiyo, hulipwa na wale wanaoishi bondeni, ambao hawakupata mgao wowote wa faida.

Niruhusu nitoke nje ya mada kidogo, maana mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno bila kuligusa. Mazingira ni neno la ukoo mmoja na kuzingira, kitenzi ambacho tumezoea kukisikia katika habari za vita: jeshi huuzingira mji. Wenye viwanda hupenda kuyazungumzia mazingira kama kitu kilichoko nje ya ukuta wa kiwanda, kitu cha kuhurumiwa. Neno lenyewe linasema kwamba kiwanda ndicho kilichozungukwa.

Tuanze Kilembe, kwa sababu huko ndiko hesabu ilikokosewa waziwazi, na ni mwendo mfupi tu kutoka hapa kwetu. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Shaba iliyochekechwa ilipakiwa kwenye treni kwenda Jinja kuyeyushwa. Kwa robo karne mgodi ule ulikuwa fahari ya nchi: ulijenga nyumba, shule na hospitali, na uliwaleta vibarua kutoka pande zote za Uganda na kutoka ng'ambo ya mpaka. Ulisimama mwaka 1982, baada ya bei ya shaba kuanguka na baada ya misukosuko ya miaka ya 1970 kuufukarisha. Katika vitabu vya mgodi, miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya faida. Kile ambacho vitabu havikuandika ni mabaki ya mgodi: zaidi ya tani milioni 15 za mchanga uliosagwa, wenye shaba kidogo, kobalti na salfa, ukamwagwa katika bonde jembamba la Mto Nyamwamba. Zaidi ya hayo, karibu na mji wa Kasese palirundikwa takriban tani milioni moja za pairiti, yaani madini ya chuma na salfa yaliyotengwa na shaba, yenye kobalti ndani yake.

Pairiti ikikutana na hewa na maji ya mvua huzaa tindikali. Tindikali hiyo ikayeyusha metali na kuzibeba kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, upande wa Ziwa George. Njia iliyopita ilibaki kama kovu: ardhi tupu isiyoota majani, katikati ya nyika ya kijani. Hakuna mwenye hisa aliyepunguziwa gawio lake kwa ajili ya kovu lile. Mvuvi wa Ziwa George na nyati wa hifadhini hawakuwa na kiti katika mkutano wa wanahisa.

Sasa angalia kilichotokea baadaye, kwa maana hapa kuna somo ambalo vitabu vingi vya biashara vingelipenda. Mwaka 1992 iliundwa Kasese Cobalt Company, kwa ubia wa wawekezaji wa kigeni na Kilembe Mines. Mwaka 1999 kiwanda chake kilifunguliwa, na kazi yake ilikuwa kuulisha mtambo rundo lile la pairiti. Njia waliyoitumia ilikuwa ngeni katika Afrika Mashariki. Badala ya kuichoma pairiti, waliitia katika matangi makubwa yenye maji ya vuguvugu, hewa na bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa. Bakteria hao walivunja jiwe na kuiacha kobalti iyeyuke ndani ya maji, kisha tindikali ikatulizwa kwa chokaa na kobalti ikavunwa kwa umeme ikiwa safi. Kwa mahitaji yake ya nishati, kampuni ilijenga kituo cha umeme wa maji cha karibu megawati 10 kwenye Mto Mubuku. Uchafu wa kampuni iliyokufa ukawa malighafi ya kampuni hai, na kadiri rundo lilivyopungua, ndivyo na chanzo cha tindikali kilivyopungua.

Je, wenye kampuni waliyapenda mazingira kuliko wale wa mwaka 1956? Sidhani, na wala si muhimu. Walikuwa na teknolojia ambayo wenzao hawakuwa nayo, na soko lililoilipia kobalti bei nzuri. Ndiyo maana bei ya kobalti ilipoanguka, kiwanda kilifungwa mwaka 2002, na tindikali haikusubiri soko lipone. Bei ilipopanda kikafunguliwa tena mwaka 2004, na pairiti ilipokwisha, mnamo mwaka 2013 na 2014, uzalishaji ukafikia kikomo. Usafi ulikuja na bei, ukaondoka na bei.

Na yale mabaki mengine, zaidi ya tani milioni 15 zilizo juu katika bonde la Kilembe? Hayo hayakuwa na kobalti ya kutosha kumvutia mtu. Yamebaki palepale. Nyamwamba hufurika, ulifurika kwa kutisha Mei 2013, na tena Mei 2020, ukaiharibu vibaya Hospitali ya Kilembe, ile ile iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi. Sitaki nisingizie: mafuriko yale yaliletwa na mvua kubwa katika milima mikali iliyopoteza miti, na yangekuja hata kama mgodi usingekuwapo. Lakini mto unapokata kingo zake hukata pia marundo ya mabaki, ukayachukua hadi kwenye mashamba na visima vya walioko chini. Watafiti waliopima udongo na maji katika eneo hilo wamekuta shaba na kobalti kwa viwango vinavyotia wasiwasi. Hapo, msomaji, ndipo utakapoona mpaka wa mikakati yote ya hiari. Kampuni husafisha kinacholipa. Kisicholipa hubaki, mpaka pawepo mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba kitalipiwa.

Twende Hima, kwenye barabara ya kutoka Kasese kwenda Fort Portal. Kiwanda cha saruji ni mnyama mlafi wa moto. Mawe ya chokaa huchomwa hadi kufikia joto la karibu nyuzi 1,450, na kwa miaka mingi joto hilo lilitokana na mafuta mazito yaliyosafiri kutoka bandari ya Mombasa kwa malori, nchi nzima ya Kenya na nchi nzima ya Uganda. Kila bei ya mafuta ilipopanda duniani, Hima iliumia kuliko washindani wake walioko karibu na bahari. Lakini Hima imezungukwa na nchi ya kahawa, na kila gunia la kahawa inayokobolewa huacha rundo la maganda ambalo zamani lilitupwa au kuchomwa bure. Kiwanda kikaanza kuyanunua maganda hayo na kuyatia tanuruni badala ya sehemu ya mafuta. Baadaye, kikaanza kugawa miche ya kahawa kwa wakulima, ili miaka ijayo maganda yasikosekane.

Mfano huu hupendwa sana na wanaohubiri kwamba mazingira na faida ni ndugu, na kwa kiasi kikubwa wana haki. Gharama ya nishati ilipungua. Hewa ukaa itokanayo na mafuta ya ardhini ilipungua. Wenye viwanda vya kukoboa walipata mnunuzi wa kitu kilichokuwa takataka. Mkulima akapata miche. Hata hivyo, nadhani hesabu ile nayo ina mstari usioandikwa. Ganda la kahawa halikuwa takataka kwa kila mtu. Mkulima aliyeyarudisha maganda shambani kama matandazo alikuwa anairudishia ardhi yake rutuba na kuuhifadhi unyevu. Ganda likishapata bei, hupakiwa kwenye lori, na rutuba ya mlima huishia tanuruni. Simlaumu anayeuza, fedha ya leo ina nguvu kuliko mboji ya mwakani. Nasema tu kwamba tunaposoma kwamba kampuni fulani imepunguza uchafu wake, tuulize ni nani aliyepunguziwa kitu kingine ili hilo liwezekane.

Kuna jambo jingine la Hima linalostahili kuangaliwa kwa jicho la raia. Kwa miaka mingi kiwanda kilikuwa chini ya Bamburi ya Kenya, na juu ya Bamburi kulikuwa na Lafarge, ambayo baadaye iliungana na Holcim. Kampuni za namna hiyo huandika taarifa za mazingira kila mwaka kwa sababu wenye hisa na mabenki ya Ulaya huzidai. Bamburi yenyewe ina historia ya pekee: kuanzia mwaka 1971, mtaalamu wake René Haller alipanda mivinje katika machimbo yaliyoachwa tupu pale kaskazini mwa Mombasa, akaleta jongoo wa kuyavunjavunja majani makavu ili udongo uzaliwe upya, na leo mahali pale ni bustani ambayo watu hulipa kiingilio ili waione. Mwaka 2024 Hima iliuzwa kwa Sarrai Group na Rwimi Holdings. Sina neno baya wala zuri la kusema juu ya wamiliki wapya. Ninachokuomba ni uangalie ni mikakati ipi itakayodumu. Ule unaopunguza gharama, kama wa maganda, una sababu ya kuendelea hata kama hakuna anayeutazama. Ule uliofanywa kwa ajili ya macho ya Ulaya utahitaji macho mengine ya karibu.

Na yale macho ya Ulaya, usidhani yamehama. Yamepanda mlimani na kufika shambani kwako. Kahawa ya arabika inayolimwa katika miteremko ya Rwenzori, ukiwemo upande wetu wa Bukonzo Magharibi, kwa muda mrefu ilijulikana sokoni kwa jina la Drugar: kahawa iliyokaushwa na ganda lake, mara nyingi juu ya ardhi tupu, ikanyonya harufu ya udongo na kuuzwa kwa bei ya chini. Chama cha ushirika cha Bukonzo Joint, chenye makao yake Kyarumba, kilikuwa miongoni mwa wale waliothibitisha kwamba mambo yanaweza kuwa vingine. Wanachama walichuma matunda mekundu tu, wakaosha kahawa katika vituo vidogo vya kijijini, wakapata vyeti vya kilimo hai na vya biashara ya haki, na bei ikapanda. Wanaume na wanawake walikaa pamoja kuchora mipango ya kaya zao, suala ambalo wataalamu wa mazingira husahau, kana kwamba matuta hujichimba yenyewe. Mwanamke asiyejua kama shamba litabaki mikononi mwake hawezi kupanda mti wa kivuli utakaokomaa baada ya miaka kumi.

Hapa kampuni ni sisi wenyewe. Ushirika wa wakulima nao una vitabu vya hesabu, na sababu zake za kufuata kanuni za mazingira hazitofautiani sana na za kiwanda. Cheti hugharimu fedha: mkaguzi hulipwa, kumbukumbu huandikwa, na shamba linalohama kwenda kilimo hai husubiri miaka kadhaa kabla ya kuhesabiwa. Faida huja ikiwa mnunuzi yupo wa kulipa nyongeza. Mwaka ambao bei ya kahawa duniani inapaa, mlanguzi hufika na pikipiki na fedha mkononi, naye haulizi cheti. Mwanachama humuuzia, ushirika ukabaki na gharama za cheti bila mzigo wa kutosha wa kuuza. Mwaka ambao bei inaanguka, cheti huwa mwavuli. Kwa hiyo anayesema kwamba kilimo cha kutunza mazingira kinalipa, na anayesema hakilipi, huenda wote wawili wanasema kweli, kila mmoja akizungumzia msimu wake. Tena usisahau kwamba kila suluhisho huleta mgeni wake: kahawa inayooshwa huacha maji machungu yenye sukari na maganda, na maji hayo yakimwagwa kijitoni huua samaki sawasawa na ya kiwanda.

Umoja wa Ulaya nao umetunga kanuni, ya mwaka 2023, inayozuia kuingizwa kwa kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi hayakusubiri. Ndiyo maana uliwaona vijana wenye simu wakizunguka mashambani kuchukua alama za mahali na kuwaandikisha wakulima. Sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda hununuliwa Ulaya, kwa hiyo hakuna msafirishaji anayeweza kupuuza. Je, kanuni hiyo ina haki? Kwa lengo lake, ndiyo. Kwa namna mzigo unavyogawanywa, hapana. Mwenye shamba la nusu ekari katika mteremko wa Ihandiro hakuukata msitu wa mvua wa dunia, na bado yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia. Gharama ya uthibitisho ikikatwa kutoka kwenye bei anayolipwa, basi Ulaya itakuwa imejinunulia dhamiri safi kwa fedha ya mkulima. Vyama vya ushirika vina wajibu wa kulikataa hilo katika mikataba yao, na kuidai gharama hiyo kwa mnunuzi.

Ukitaka mfano wa kampuni ambayo mazingira kwake ni mtambo wenyewe, tazama Mto Lhubiriha unaotutenga na Kongo. Tangu mwaka 2018 kuna kituo cha umeme cha Lubilia chenye uwezo wa megawati 5.4, kimojawapo cha vituo vidogo vilivyojengwa nchini chini ya mpango wa GET FiT. Kituo cha aina hii hakina bwawa kubwa. Huyachepusha maji ya mto, huyateremsha kwa bomba na kuyarudisha. Maana yake ni kwamba kinauza kile ambacho mlima unakipa siku ile. Mteremko wa juu ukibaki bila miti na bila matuta, mvua huteremka kwa ghadhabu, ikibeba mchanga unaosaga vyuma vya mitambo kama msasa. Kiangazi kikija, mto huwa mwembamba na mashine hulala. Kwa kampuni ya namna hiyo, kumsaidia mkulima wa juu kupanda miti na kuchimba makinga-maji ni matengenezo ya mashine, sawa na kubadilisha mafuta ya injini. Ningependa kuona makampuni ya umeme ya wilaya yetu yakiiandika kazi hiyo chini ya gharama za matengenezo badala ya kuiita msaada kwa jamii. Msaada hukatwa mwaka mbaya ukifika. Matengenezo hayakatwi.

Katwe pia panatufundisha, ingawa kwa kinyume. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa pale kwa msaada wa Wajerumani, mwishoni mwa miaka ya 1970, kilishindwa mara baada ya kuanza kazi, kwa sababu maji yale makali ya ziwa yaliyala mabomba yake. Wachumvi wa Katwe, wanaosimama katika maji yaleyale kila siku na kuyajua kwa ngozi zao, wanaendelea kuvuna kwa mikono kando ya magofu ya kiwanda.

Wataalamu wanasemaje kuhusu ufanisi wa biashara? Mwaka 1991 Michael Porter wa Harvard alitoa hoja iliyowashangaza wengi, akaifafanua mwaka 1995 pamoja na Claas van der Linde: kwamba sheria kali ya mazingira, ikitungwa kwa busara, huilazimisha kampuni kubuni njia bora, na ubunifu huo huweza kufidia gharama yake. Uchafu, kwa maoni yao, ni malighafi iliyolipiwa ambayo haikuuzwa. Vumbi linalotoroka kwenye bomba la kiwanda cha saruji ni saruji iliyopotea. Mwaka 2015 watafiti watatu, Friede, Busch na Bassen, walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 2,000 juu ya mazingira, jamii na utawala wa kampuni, wakakuta kwamba takriban asilimia 90 hazikuonyesha uhusiano mbaya na mapato, na nyingi zilionyesha uhusiano mzuri.

Naomba tusiimbe aleluya mapema. Takwimu za namna hiyo hazituambii yai lilitangulia au kuku. Kampuni tajiri inaweza kununua vichujio. Je, vichujio ndivyo vilivyoitajirisha? Pia kuna tofauti kubwa kati ya kuzuia uchafu usizaliwe na kuusafisha baada ya kuzaliwa. Kubadili nishati, kupunguza maji, kutumia tena mabaki, hayo mara nyingi huokoa fedha. Kufunga mtambo wa kusafisha majitaka mwishoni mwa kiwanda cha zamani ni gharama tupu, na anayekuahidi faida hapo anakudanganya. Gharama hiyo ni ya haki, kama ilivyo haki ya kulipa mshahara. Haihitaji kupambwa kwa ahadi za faida. Na kwa fundi wa kuchoma matofali au mtengenezaji wa waragi anayetumia kuni, hotuba za Porter hazina msaada ikiwa hakuna anayemkopesha fedha za tanuru bora.

Ila kuna ushahidi mmoja usiohitaji takwimu nyingi. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya udanganyifu katika magari yapatayo milioni 11 ya dizeli, ili yaonekane safi wakati wa kupimwa. Udanganyifu ule umeigharimu zaidi ya dola bilioni 30 katika faini, fidia na marekebisho. Kampuni ile haikuadhibiwa na soko kwanza. Iligunduliwa na watu waliopima moshi barabarani, kisha ikabanwa na mamlaka zenye meno. Bila vipimo na bila meno, mkakati ule wa uongo ungelihesabika mpaka leo kuwa mkakati wenye faida.

Najua hoja inayosubiri kunijibu, kwa kuwa husemwa katika kila mkutano: sisi ni maskini, kwanza waje na ajira, mambo ya mazingira tutayaona baadaye. Wenye kusema hivyo si wajinga. Kijana asiye na kazi hawezi kula maji safi. Lakini tazama ni nani aliyelipa Kilembe. Ajira zilikwisha mwaka 1982. Mabaki yapo hadi leo, na wanaozaliwa sasa katika bonde lile, ambao babu zao pekee ndio waliopokea mshahara, bado wanayalipia kwa mashamba na maji yao. Baadaye ile tuliyoambiwa tuisubiri ilishafika zamani.

Sheria zetu zimejifunza kitu. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, wananchi wakisikilizwa, na inaruhusu mamlaka kudai dhamana ya fedha itakayotumika kurekebisha ardhi iwapo mwenye mradi atakimbia au kufilisika. Dhamana hiyo ndiyo mstari uliokosekana katika vitabu vya Kilembe. Ikiwekwa mwanzoni, kampuni ina sababu ya kuchimba kwa uangalifu, kwa kuwa ikiharibu kidogo itarudishiwa kingi.

Tatizo ni kwamba mikutano ya kusikiliza wananchi hufanyika katika siku ambazo wengi wetu tuko sokoni Mpondwe, na ripoti huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kurasa mia tatu, nakala moja mezani kwa afisa. Baraza la kaunti ndogo lina haki ya kudai muhtasari katika Lukonzo na Kiswahili, na mkutano katika siku ambayo watu wapo. Lidai. Kuhusu dhamana, uliza mambo matatu tu: ni kiasi gani, imewekwa wapi, na ni nani anayeweza kuitoa. Ukinyimwa jibu kwa mdomo, andika. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inamruhusu raia yeyote kuomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na inampa afisa siku 21 za kujibu. Barua ipelekwe kwa mkono, pamoja na nakala ya pili ya kugongwa muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Nakala hiyo usiiache ofisini. Rudi nayo nyumbani, kwa kuwa siku 21 huhesabiwa kutoka tarehe iliyo juu yake.